Mkono Usiosimama: Kucharaza Bluzi Yenye Fanki

Wapiga gitaa wenzangu, na nyinyi mliokuja kusikiliza tu, habari zenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kucharaza bluzi yenye fanki, yaani bluzi iliyotiwa mdundo wa kuchezeka, na kutoka hapa mbele naona madaftari yamefunguliwa, kalamu ziko tayari kuandika kodi, yale mafungu ya noti zinazolia pamoja. Yafunikeni kwanza. Kodi zitakuja, ila baadaye, na zitakuwa ndogo kuliko mnavyodhani. Kazi kubwa ya leo iko kwenye mkono unaocharaza. Kwa wengi wetu ni wa kulia. Nyinyi mnaopiga kwa kushoto mtayageuza maneno yangu kichwani, kama mnavyolazimika kufanya kila mnapofundishwa na sisi wengine.

Nina jambo moja la kusema, na mengine yote yananing'inia hapo: mkono unaocharaza hausimami. Kodi inalia, mkono unakwenda. Kodi imenyamaza, mkono unakwenda. Wimbo unapumua, mkono bado unakwenda, chini na juu, chini na juu, hata kama haugusi uzi wowote. Kinachobadilika ni kile ambacho vidole vya mkono wa pili vinaruhusu kisikike. Mtu anayejifunza mtindo huu kwa kukariri "chini, simama, juu, juu, simama, chini" atachoka mapema, na akipotea hajui arudi wapi, maana kila anaposimama inambidi aanze kuhesabu upya. Aliyezoea mkono usiosimama anatembea na saa yake.

Tuihesabu basi hiyo saa. Kipimo kimoja cha muziki huu kina mapigo 4. Kila pigo tunaligawa sehemu 4 zilizo sawa, kwa hiyo kipimo kizima kina sehemu 16. Kuhesabu moja hadi 16 ukiwa unapiga ni adhabu, kwa hiyo mimi hutumia silabi: ta-ka-ti-ki. Ta mkono unashuka, ka unapanda, ti unashuka, ki unapanda. Halafu pigo linalofuata, ta-ka-ti-ki tena. Semeni kwa mdomo kabla hamjagusa gitaa, na gongeni mguu kwenye kila ta.

(Ukumbi ulisema. Mara ya kwanza ulikimbia, kama ilivyo kawaida ya kumbi zote.)

Mmeona mlivyokimbia? Mdomo ukikimbia, mkono utakimbia zaidi. Tuliokwenda nao hapo ni mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, na kuna watu humu ndani uliowaudhi kwa upole wake. Vumilieni. Katika mwendo wa polepole nafasi kati ya ka na ti ni pana, kosa linaonekana wazi, na ndiyo maana hatuupendi.

Sasa laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kubonyeza, kisha charaza. Hakuna noti inayotoka. Kinachotoka ni mkwaruzo mkavu, karibu na sauti ya hi-hati, yale matoazi mawili ya mpiga drams. Wamarekani waliubatiza uchezaji huu mchakuro wa kuku, na aliyewahi kumwona kuku akitafuta punje mchangani hahitaji maelezo zaidi. Nami nitauita kuchakura. Chakureni sehemu zote 16, kipimo baada ya kipimo, mpaka mkwaruzo wa kushuka na wa kupanda ulingane kwa ukubwa. Kwa wengi wa kupanda huwa dhaifu, kwa sababu mkono wa mwanafunzi unaogopa kurudi. Hilo lirekebishwe sasa hivi, maana karibu utamu wote wa fanki unakaa kwenye michapo ya kupanda.

Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, huku mkono wa mbele ukizunguka kidogo na kiwiko kikiwa kimetulia. Piki, kile kipande cha kucharazia, iwe nyembamba, kama milimita 0.6 hadi 0.75, na ncha yake itokeze kidogo tu kati ya vidole. Ishike kwa kiasi cha kuizuia isidondoke, basi. Ukisikia maumivu kwenye mkono wa mbele, unakaba. Pumzika, kunjua vidole, anza tena taratibu. Kwa habari ya vifaa sitawachosha. Gitaa la umeme lenye sauti safi isiyopasuka linafaa zaidi, la mbao tupu linafaa kujifunzia, na hakuna kifaa cha miguuni kitakachoficha mkono unaoyumba.

Mkwaruzo ukishatulia, tutafute mahali pa kuweka noti. Chukua kodi moja, yoyote, ukae nayo. Mkono wa kulia unaendelea kuchakura zote 16. Mkono wa kushoto unabonyeza mara moja tu katika kila pigo, kwenye ta, kisha unalegea papo hapo. Kulegea si kuondoa vidole: vinabaki vimegusa nyuzi, vimeacha tu kuzisukuma. Hapo utasikia TA-ka-ti-ki. Ukiridhika, hamishia sauti kwenye ti. Halafu ka. Halafu ki. Hiyo ki ndiyo itakayowatoa jasho, kwa sababu inakuja mara tu kabla ya pigo linalofuata, na mwili mzima unatamani kusubiri pigo lenyewe. Usisubiri. Acha mguu uangukie kwenye ta iliyo kimya, sauti ikiwa imekwisha kupita.

Sasa niwape mpangilio mmoja ambao, kwa maoni yangu, una thamani kuliko kurasa nyingi za mazoezi. Toa sauti kwenye kila sehemu ya 3: ya 1, ya 4, ya 7, ya 10 na ya 13, kisha zilizobaki chakura. Kwa silabi ni hivi:

TA-ka-ti-KI, ta-ka-TI-ki, ta-KA-ti-ki, TA-ka-ti-ki.

Angalieni kilichotokea. Pigo la kwanza lina TA na KI, la pili lina TI, la tatu lina KA, la nne limerudi kwenye TA. Tumepita silabi zote nne bila kukusudia. Na kwa kuwa 3 ni witiri, sauti hizo zinapishana zenyewe: ya kwanza inashuka, ya pili inapanda, ya tatu inashuka, ya nne inapanda, ya tano inashuka. Sauti 5, michakuro 11. Anayesikiliza anadhani mpigaji anafanya hesabu ngumu kichwani, kumbe mkono unapanda na kushuka tu na vidole vya kushoto vinakumbatia kila baada ya hatua tatu. Ukisimamisha mkono kwenye michakuro ile 11, sauti ya sehemu ya 10 haitakuja mahali pake. Jaribuni, mtaona.

(Hapo nilipiga kwa namna zote mbili, na waliocheka walicheka ile ya pili.)

Mpaka hapa nimesema fanki, na bluzi sijaigusa. Wengi mliokuja leo mmetoka kwenye bluzi, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia. Bluzi mliyozoea inagawa pigo sehemu 3, kisha inapiga ya kwanza na ya tatu, ile ya katikati inarukwa. Ndio mwendo wa kuchechemea: daa-da, daa-da. Ni mtamu, na umejenga muziki mkubwa. Lakini mkono uliochechemea miaka mingi ukiletwa kwenye sehemu 4 zilizo sawa hutaka kuchechemea huko nako, na matokeo yake ni kitu ambacho hakipo huku wala kule. Ndiyo maana nawaambia watu wa bluzi wachakure muda mrefu kabla ya kushika kodi. Wanaoanza gitaa kabisa wana nafuu hapa, hawana cha kusahau.

Wale waliounganisha mambo haya mawili walikuwa watu wa bluzi wenyewe. Mwaka 1965 mwimbaji wa Marekani James Brown alitoa "Papa's Got a Brand New Bag". Umbo lake ni bluzi ya vipimo 12, mpiga bluzi yeyote angeitambua. Aliyekuwa kwenye gitaa ni Jimmy Nolen wa Oklahoma, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipiga na kurekodi bluzi na aliwahi kuwa kwenye bendi ya Johnny Otis. Kuelekea mwisho wa duru ya vipimo hivyo 12, bendi inakatika na gitaa linabaki peke yake likicharaza kodi moja kwa kasi. Sikilizeni pale. Hakuna noti ya ajabu hata moja, kuna kodi ya tisa na mkono. Miaka 2 baadaye, huko Memphis, kampuni ya Stax ikatoa albamu ya Albert King, "Born Under a Bad Sign", akisindikizwa na bendi ya Booker T. & the M.G.'s. Gitaa la Albert King linalia bluzi tupu, lakini besi na ngoma chini ya wimbo ule uliobeba jina la albamu hazichechemei, zinakanyaga sawasawa. Mkitaka kujua gitaa la rithimu lifanye nini mbele ya mpiga solo mkubwa, msikilizeni Steve Cropper, mpiga gitaa wa bendi hiyo, na hesabuni ni mara ngapi anaamua kukaa kimya.

Kuna pia eneo la katikati, ambalo sitalifundisha leo ila ni haki mlijue. The Meters wa New Orleans, kuanzia mwaka 1969, walikuwa wakipiga sehemu 16 ambazo hazijanyooka kabisa wala hazijachechemea kabisa. Leo Nocentelli kwenye gitaa na Zigaboo Modeliste kwenye drams walielewana mahali fulani kati ya hizo mbili. Mtu anayekuambia utafika hapo kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, anakudanganya. Unafika hapo kwa kupiga pamoja na rekodi zao mpaka mwili uzoee.

Haya, fungueni madaftari. Kodi.

Tutapiga katika A, kwa hiyo kodi zetu ni A7, D7 na E7. Najua mnazijua, na najua mnazipiga kwa nyuzi zote 6. Achaneni na nyuzi nene. Noti ile ya mzizi, inayoipa kodi jina, mnayoing'ang'ania ni ya besi, na mpiga besi analipwa kwa kazi hiyo. Gitaa la rithimu kwenye fanki linatafuta zile noti mbili zinazoitambulisha kodi ya saba, yaani ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka mzizi. Kwenye A7 ni C-shapu na G. Wekeni kidole cha shahada uzi wa 4 (tunahesabu kutoka ule mwembamba kabisa), freti ya 5 (chumba cha tano kati ya vyuma vya shingo), hiyo ni G. Kidole cha kati uzi wa 3, freti ya 6, hiyo ni C-shapu. A7 imekwisha.

Mnataka D7? Shusheni vidole vyote viwili freti moja: uzi wa 4 freti ya 4, uzi wa 3 freti ya 5. Mmepata F-shapu na C, ya tatu na ya saba za D. Iliyokuwa kwenye nafasi ya saba sasa iko kwenye nafasi ya tatu, na mwenzake vivyo hivyo, vidole havijabadili umbo. E7? Kutoka A7 pandeni freti moja: ya 6 na ya 7. G-shapu na D. Bluzi nzima ya vipimo 12 iko ndani ya freti 4, kwa vidole viwili. Mimi naona hili ni zuri kiasi kwamba linastahili kupigwa kwa wiki kadhaa kabla ya kuongeza kitu.

Vipimo vyenyewe vinakwenda hivi: A mara 4, D mara 2, A mara 2, kisha E, D, A, na kipimo cha mwisho E ya kuturudisha mwanzo. Wekeni mpangilio wetu wa sauti 5 ndani ya kila kimoja. Kubadilisha kodi kufanyike wakati wa michakuro 3 ya mwisho wa kipimo, hapo vidole vimelegea na vinateleza bila kusikika. Nadhani sasa mnaona kwa nini nilianza na michakuro: ndiyo inayowapa muda wa kuhama.

Tatizo moja litawakuta papo hapo, na afadhali niwatahadharishe. Tuko karibu na freti ya 5. Ukigusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 5, ya 7 au ya 12, uzi haunyamazi, unatoa mlio mwembamba wa kengele. Mtu anachakura, anasikia kengele, anadhani gitaa bovu. Dawa yake ni kuunyamazisha uzi kwa vidole viwili au vitatu vilivyolala sehemu tofauti, kimoja hakitoshi. Hapa vidole vya pete na kidogo, ambavyo havina kazi kwenye kodi yetu ya nyuzi mbili, vinapata ajira. Nyuzi mbili nene za juu zifunikwe na kidole gumba kinachochungulia kutoka nyuma ya shingo ya gitaa, na mbili nyembamba za chini ziguswe kwa wepesi na upande wa ndani wa kidole cha shahada. Kwa namna hiyo mkono wa kulia unaweza kufagia nyuzi zote 6 bila woga na zikalia mbili tu.

Ukishaweza hayo, jiongezee kitu kimoja kwenye D. Kodi ya tisa: uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 4, na nyuzi tatu nyembamba zote freti ya 5, zimelaliwa na kidole cha pete. Ukiwa hapo, telezesha kile kidole cha pete peke yake hadi freti ya 7 na kurudi. Hizo nyuzi tatu zinatoka kwenye tisa zinakwenda kwenye sita na kurudi, na mtaitambua sauti hiyo mara moja, iko kwenye rekodi nyingi za fanki. Msiitumie kila kipimo. Chumvi... hapana, nimejiahidi kutofananisha muziki na mapishi. Msiitumie kila kipimo, basi.

Sasa urefu wa sauti. Hapa ndipo wapigaji wawili wenye kodi zile zile na mpangilio ule ule wanapotofautiana, na walimu wengi hupapita upesi. Kodi ikilia kwenye TA ya kwanza, je, ife lini? Ukiiacha mpaka mchakuro unaofuata, ni fupi na kali. Ukiibana mpaka pigo la pili, inakaa na kupumua. Ushauri wangu: sikilizeni snea, ile ngoma ya mlio mkali kwenye drams, ambayo kwa kawaida huanguka kwenye pigo la 2 na la 4. Kodi yoyote ndefu ikatwe pale snea inapogonga. Bendi nzima itasikika safi, na hakuna atakayejua kwamba ni wewe. Mwimbaji naye anapoimba, punguza sauti zako 5 ziwe 2. Anapovuta pumzi, rudisha. Mkono, bila shaka, haujasimama.

Kwa mazoezi ya nyumbani, metronomu ilie kwenye pigo la 2 na la 4 tu, mahali pa snea. Ukitaka mwendo wa 90, iweke 45 na kila mlio uuhesabu kuwa ni 2 au 4. Mwanzoni utageuza, utajikuta unausikia mlio kama 1. Simama, sema ta-ka-ti-ki, ingia upya. Anza 60, panda kwa hatua ndogo, na usizidi 100 mpaka uweze kurekodi duru tatu za vipimo 12 kwenye simu yako na kuzisikiliza bila kukunja uso. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kwenye gitaa ukingo ni ile sauti ya sehemu ya 10. Dakika 15 kila siku zitakufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima ya kujiumiza.

Kabla hatujachukua magitaa, kijana mmoja wa safu ya nyuma ameniletea swali kwenye karatasi: afanye nini akipotea katikati ya vipimo 12 mbele ya watu? Legeza vidole vya kushoto, endelea kuchakura, usitafute kodi. Watu watadhani umeamua. Sikiliza besi. Ikienda D huenda usiwe na hakika, kwa sababu D inatokea mara mbili katika duru, kuanzia kipimo cha 5, na tena kipimo cha 10. Lakini besi ikipanda kwenda E baada ya vipimo viwili vya A, hicho ni kipimo cha 9. Kinachofuata ni D, kisha A. Ingia kwenye D, freti ya 4 na ya 5.